Uyoga Usio na Gome

Bibi Severina wa Kinampanda alikuwa na sheria moja, na kwa sheria hiyo alikuwa mkali kuliko katekista: uyoga uje na gome lake. Wanawake waliochuma baada ya mvua walipita kwake kwanza, wakaumwaga kwenye ungo, naye akaugeuza mmoja mmoja. Kuna uyoga wa njano unaoota kwenye miti ya porini, mtamu kama kuku. Na kuna mwingine unaoota kwenye visiki vya mikaratusi, rangi ileile, mikunjo ileile. Huo wa pili aliwahi kuula akiwa bibi harusi, akatapika mpaka mawifi wakaanza kumpongeza.

Ila tangu mwaka jana macho yake yaliingia ukungu. Hakumwambia mtu. Alipapasa gome kwa kidole gumba, akalinusa, maana mkaratusi una harufu ya dawa ya kifua na haujifichi. Watu wakaendelea kusema bibi ana jicho kali. Siku watakayojua aliiogopa kweli. Mjane asiyeweza tena kulima, akiacha kuchambua uyoga, nani atapiga hodi kwake?

Asubuhi moja akaja Janeth, mke wa jirani yake Gerald, aliyeolewa kutoka Itigi na sasa ana mimba kubwa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Umepata?"

"Nimepata. Nimeuosha kabisa kisimani, nisikuletee uchafu."

Severina aliinamia ungo. Uyoga ulinuka maji matupu. Vidole vikatafuta gome visilione. Neno lilikuwa moja tu la kusema, kwamba haoni, na aibu ikamzuia.

"Mzuri," alisema. "Kapike."

Janeth alipoondoka, bibi hakutulia. Akachukua ungo aufute, na hapo kidole kikagusa kijigome kilichonasa kwenye ukingo. Akakinusa. Mkaratusi.

Fimbo aliisahau mlangoni. Alikimbia, kama mwendo ule ni kukimbia, akijikwaa kwenye matuta ya viazi na kuomba kwa Kinyiramba, maana hofu ikizidi mtu hurudi kwenye lugha ya mama yake. Alimkuta Janeth jikoni, mwiko mkononi.

"Umekula?"

"Nimeonja chumvi tu, bibi. Vipande viwili vitatu."

"Mwaga. Ni wa mkaratusi. Nilikudanganya, mwanangu. Mimi sioni."

Gerald aliwapakia wote wawili kwenye pikipiki. Kabla hawajafika zahanati Janeth alikuwa anatapika, ameshika tumbo kwa mikono miwili. Kwenye benchi walikaa wanawake walewale waliozoea kumletea bibi uyoga wao. Muuguzi akauliza ni uyoga gani, na nani aliuchambua. Severina angeweza kusema binti aliuosha. Ulimi ulimwasha kusema hivyo.

"Wa visiki vya mkaratusi," alijibu. "Niliupitisha mimi. Macho yangu yameharibika."

Mficha maradhi kilio humfichua, na hiki nusura kiwe kilio cha nyumba ya mtu mwingine. Alikaa pale mpaka alasiri, hajui aombe vipi. Muuguzi alipotoka kusema mtoto anacheza tumboni, bibi alilia waziwazi mbele yao.

Mvua iliyofuata haikumletea mgeni. Aliwasikia wanawake wakipita njiani na vikapu vyao, wakiteta chini chini, wala hawakukata kona. Akautundika ungo ukutani. Ilimuuma, ila hakuwalaumu.

Kisha akasikia hodi. Alikuwa Janeth, tumbo mbele. Hakuulizia ungo. Aliushika mkono wa bibi, akaufungua, akaweka kiganjani uyoga mmoja na gome lake, pana, lenye udongo.

"Wewe nusa, bibi," alisema. "Mimi nitaangalia."