Konokono wa Matete na Ndugu Yake wa Kina

Mimi ndiye niliyemtoa mama kwenye matete nikampeleka kina kirefu. Nalisema mapema nisije nikapata pa kujificha.

Nilikuwa nimeajiriwa na maabara moja Kisumu kukusanya konokono wanaoeneza kichocho. Siku nzima nainama kwenye matete ya ufuo wa Dunga, ukingoni mwa ziwa, viatu vya mpira mpaka mapajani. Konokono wa pale ni bapa, mpana kama kifungo cha koti. Unamtia kwenye kichupa cha maji, unamweka juani, na kama ana ugonjwa, vijidudu vinamtoka kama vumbi la unga.

Basi nikarudi nyumbani Usenge nikiwa mjuaji. Mama na majirani walikuwa wakifulia ukingoni.

"Mama, konokono wanakaa hapa kwa matete. Songeni mbele, kwa maji safi ya kina."

Walinicheka, kisha wakasonga. Mtoto wa nyumbani akishavaa koti jeupe, nani atambishia?

Miaka miwili baadaye maabara ilileta wavu wa kukokota sakafu ya ziwa. Ulipanda na tope, na ndani ya tope vikonokono kama dengu. Vilikuwa bapa vilevile, vimejikunja vilevile. Ni ndugu wa yule wa matete, ila huyu ni mdogo, gamba lake gumu zaidi, na anaishi kule kwenye maji niliyoyaita safi. Nikaviweka juani nikiwa sina wasiwasi. Vumbi lile lile likaanza kutoka.

Wakati huo tumbo la mama lilikuwa limeshafura. Daktari alisema dawa itaua minyoo, lakini ini limekwisha kukakamaa. Wahenga wanasema maji yakimwagika hayazoleki. Hawakusema uishi vipi ukiwa wewe ndiye uliyeyamwaga.

Nilikwenda ufuoni nikawaeleza wote, mama akiwepo. Hakuna aliyenitukana, na nilitamani wanitukane. Jirani mmoja alitua beseni lake, akanigeukia.

"Sasa, daktari, tufulie wapi?"

Hatuna maji ya mfereji. Kisima kina chumvi. Nilitazama matete, kisha nikatazama kina.

"Wachaneni na mtoto wangu," mama akasema. "Alikuwa anataka tu tusikuwe wagonjwa."

Kisha akaninyooshea mkono nimsaidie kushuka majini, maana tumbo lilimlemea na nguo zilikuwa bado chafu. Nikamshika, nikamshusha.