Nyumba ya Mawe ya Mashine

Juzi nilirudi Goma, nikapita mtaani kwetu penye mashine ya kusaga. Ilikuwa inanguruma, na nje wanawake wamekaa na mabeseni yao ya muhogo wakipiga soga. Tena wakisikilizana! Nilisimama nikacheka peke yangu, maana wewe hujui tulikotoka.

Nilipokuwa mtoto, mama alisaga unga hapo tangu asubuhi hadi jioni, ndani ya chumba kidogo cha bati, mashine ubavuni mwake. Alirudi mweupe mpaka kope, akatupikia bugali na samaki wadogo wa sambaza huku sisi tukimpigia kelele ili atusikie. Jirani alikuja mara nyingi kutupatanisha, akidhani tunagombana. Wakati wa uasi, risasi zikilia upande wa Katindo, mama aliendelea kutwanga majani ya sombe mpaka tumvute kitenge.

Kilichomuuma hasa ni kwaya. Yeye ndiye aliyeanzisha nyimbo kanisani, na sasa, kwa kutosikia vizuri, sauti ilikuwa inampotea, hata wakaanza kunong'ona kwamba atafutwe mwingine. Alipokwenda zahanati, muuguzi akamweleza bila kumficha: kelele, bati linalozirudisha, saa nyingi bila kupumzika, na kinini alizomeza kila malaria ilipomshika, vyote vimesaidiana. Sikio la kushoto limekwisha. La kulia limechoka tu, litapona akiliepusha na kelele.

Kisha volkano ikashuka, ikafunika kile chumba. Mashine iliokolewa kwa chukudu, baiskeli yetu ya mbao ya kubebea mizigo. Mwenye mashine alipotaka kujenga upya, mama akagoma.

"Patro, ile mashini ijengewe nyumba yake ya mawe, miye nikae inje. Kama hapana, utafute mutu mwengine."

"Mama, volkano imenimaliza! Mawe nitapata wapi?"

Mama akamwonyesha barabara nzima, nyeusi tii kwa mawe ya volkano. Hata mwenye mashine akacheka, akakubali.

Kesho yake kwaya yote ilikuja kwa salongo, kazi ya kusaidiana, wakibeba mawe kwa mabeseni na kuimba. Mashine ikafungiwa ndani ya kuta nene, na mama akawa anamimina muhogo kupitia dirisha dogo. Pasaka iliyofuata alisimama, akaanzisha wimbo, kwaya ikamfuata bila kuyumba. Nililia kwa fahari, sioni haya kusema.

Leo chumba cha bati kimelala chini ya mawe, jirani mpatanishi amefariki, na nyumbani kwetu hakuna tena anayepiga kelele. Juzi nilipofika mlangoni mazoea yalinishinda, nikamwita mama kwa nguvu zangu zote. Hakuacha hata kupepeta mchele wake.

"Weye, juu ya nini unapiga kelele? Niko nasikiya."