Shukrani Tuliyoitoa Mapema

Mama alipopata nafuu tulifanya kosa la watu wa kanisani: tulikwenda kushukuru. Uvimbe wa titi ulikuwa umenywea baada ya dripu za saratani za hospitali ya Mbeya, na tezi za kwapani hazikushikika tena. Basi Jumapili ile, kwao Njombe, tukapeleka madhabahuni viazi, mahindi na jogoo, na mama akasimama mbele ya usharika mzima akasema amepona. Ibada ilipokwisha, jogoo akanadiwa nje kama kawaida, watu wakitaniana na kupandishiana bei. Nilicheka na mimi, mjinga mkubwa. Majibu ya picha ya tumbo yalikuwa bado hayajatoka.

Yalipotoka, ini lilikuwa limejaa madoa. Wakakata kinyama kidogo cha ini wakakipima, na daktari, kijana mpole, akatueleza taratibu. Alisema seli za saratani ya mama hazikuwa za aina moja. Dawa iliua zile zilizoisikia. Zilizokuwa na tabia nyingine zilibaki, na hizo ndizo zilizozaana kwenye ini. Ndiyo maana kinyama cha titi kilichopimwa mwanzo na hiki cha ini havikufanana kwenye vipimo.

"Tuna dawa nyingine, mama," akasema. "Haitaponya. Inaweza kukuongezea muda."

Mimi niliutaka huo muda, hata wa mavuno mamoja tu. Mama akasema atafikiri, na ninamjua: akisema atafikiri, ameshakataa.

Nikamleta kwangu Makambako. Nikambembeleza, nikagombana naye.

"Nitawaambia nini watu?" akawa ananijibu. "Nimesimama mbele yao. Sasa nikaitengue shukrani ya Mungu?"

Nikamwambia Mungu hana neno, wenye maneno ni wanawake wa kwaya. Hakucheka. Kila aliyempigia simu aliambiwa mama hajambo kabisa. Macho yalishakuwa ya njano na uji ulikuwa haushuki. Nilimchukia, kweli, huku nikimwosha miguu.

Wiki iliyopita jirani yake wa Njombe alikuja kumwona. Mama aliniagiza nifunge pazia kwanza. Jirani akaamkia, "Kamwene," akakaa, akazungukazunguka na habari za mvua, halafu akasema na yeye ana uvimbe titini, anapakwa dawa za mizizi, hospitali anaiogopa.

"Nenda Mbeya," mama akamwambia. "Nywele zitanyonyoka, zitaota. Mimi si unaniona?"

Alipoondoka nikapandwa na hasira. "Basi twende naye! Mkalale vitanda viwili pamoja."

"Akinikuta nimelala pale na dripu, mwanangu, atageuza arudi kwenye mizizi."

Nilikwenda jikoni nikalia. Jirani alipanda basi Jumatatu. Mama hakupanda.