Mkono Uliolisha Mbwa wa Bugomora

Jogoo wa pili amekwisha kuwika, na ukungu bado umelala juu ya migomba ya Bugomora. Adelgunda amechutama jikoni mbele ya jivu la moto, anafukua kwa kijiti. Linatoka furushi la majani ya mgomba lililoungua pembeni. Analigeuza, analinusa, kisha analirudisha.

"Bado," anamwambia mwandishi wa gazeti hili. "Likitoka mapema linanata menoni, na mbwa hukasirika kama mtu."

Ndani ya majani hayo mna bumunda. Ni ndizi mbivu zilizopondwa, unga wa ulezi, mafuta ya ng'ombe, na mifupa iliyokaushwa ikatwangwa hadi ikawa vumbi. Halikuokwa kwa ajili ya watoto wala wageni. Ni chakula cha mbwa.

Msomaji wa mjini atacheka, na acheke tu. Huku milimani nguruwe pori wakiingia shamba usiku mmoja, asubuhi unakuta mihogo imelala chini na karanga zimefukuliwa. Anayewaweza ni mbwa mwenye njuga shingoni na wanaume wenye mikuki nyuma yake. Mbwa huyo hupewa bumunda moja kabla ya kuingia msituni na jingine akirudi. Wawindaji huliita ahadi.

Adelgunda, ambaye majirani humwita Mama Placida kwa jina la binti yake aliyeolewa kijiji cha Rugu, aliirithi kazi hii kwa mama yake mzazi. Ni mjane wa miaka hamsini na ushei. Kwa muda mrefu alioka mabumunda ya wawindaji wote wa mlima huu, nao walimlipa kwa paja la nyama na chumvi. Hakuwa tajiri, lakini hakulala njaa, na mlango wake haukukaukiwa watu.

Kuna desturi moja ambayo ameishika tangu ujana wake. Kama vile mwenyeji anavyoonja pombe kwanza ndipo ampe mgeni, ili mgeni ajue hakuna hila ndani yake, Adelgunda naye humega bumunda kwa meno, akatafuna, akameza, ndipo akampa mbwa kwa mkono wake. Watu walimtania sana. "Mama Placida, unashindana na mbwa!" Naye aliwajibu kwamba mbwa pia ni mgeni wa mtu.

Miaka mitatu iliyopita, mwaka 1951, kichaa cha mbwa kiliingia kutoka upande wa Murongo. Mbwa mmoja asiyejulikana kwao alimuuma Novatus, mtoto wa kaka yake Adelgunda, kijana aliyekuwa ameposa. Alikufa akiogopa maji. Adelgunda ndiye aliyemshika mikono siku zile za mwisho.

"Mawe, mama yangu! Usione mtu amekaa kimya ukadhani amesahau," anasema. "Alikuwa ananililia nimpe maji, nikimletea kikombe anapiga kelele. Mtoto niliyembeba mgongoni."

Kwa hiyo tarishi wa wakubwa wa mifugo alipofika na chupa ya sumu, Adelgunda hakuhitaji maneno mengi. Agizo lilikuwa kwamba kila mwenye mbwa amfunge nyumbani, na wale wanaozurura wawekewe sumu njiani. Nyama ya kutilia sumu haikupatikana. Mkungu, yaani mkuu wa kijiji, akasema, sasa tunahangaika nini na Mama Placida yupo?

Akaoka. Aliponda ndizi zilezile, akatia ulezi uleule, mafuta yaleyale, kisha tarishi akachanganya dawa yake. Jioni wakayatawanya mabumunda hayo kwenye njia za mashamba.

Hapo ndipo lilipo kosa, na Adelgunda hamsingizii mtu. Wawindaji walikuwa wamefunga mbwa wao kama walivyoagizwa, tena kwa kamba za migomba, kamba wanazofungia kila kitu hapa, kuanzia mbuzi hadi mzigo wa kuni. Kamba ya mgomba humtosha mbwa asiye na haja ya kwenda popote. Lakini mbwa hawa walikuwa wamelelewa kwa harufu ya jiko lile. Upepo ulipoileta, walizitafuna kamba wakafuata ahadi yao.

"Ningeoka kitu kingine," anasema. "Ningetia mihogo mitupu. Ningeacha mafuta. Sikufikiri. Nilikuwa nafikiri habari za Novatus tu."

Asubuhi njia zilikuwa na mbwa wa watu. Byarugaba, mkuu wa wawindaji, alimkuta mbwa wake Mulinda kando ya kisima, njuga bado shingoni. Alimbeba mabegani kama mtu abebavyo mtoto mgonjwa, akapita mbele ya nyumba ya Adelgunda bila kugeuza shingo.

Mbwa mmoja tu wa kuwinda alipona mlima mzima. Alikuwa wa Adelgunda mwenyewe. Alikuwa amemfungia jikoni, akakaa naye mpaka kulipokucha, kwa sababu ndiye aliyekuwa mlinzi wake pekee tangu mumewe afariki.

Basi, hapo maneno yakapata miguu. Mbona wa kwake amepona? Ina maana alijua! Mwaka uliofuata mbwa yule alikufa kwa uzee, lakini haikusaidia kitu. Katika nchi ambayo mtu huonja kinywaji mbele ya mgeni wake, hakuna jina baya kama la mwenye sumu.

Hakuna aliyemtukana. Afadhali wangemtukana. Wanamwamkia vizuri, "Shikamoo, Mama Placida," na njiani wanampisha. Lakini alipopeleka chakula msibani, chungu kilirudi kimejaa kama kilivyokwenda. Pombe aliyoileta kwenye ngoma ya mavuno ilimwagwa migombani, naye akaona. Kanisani hukaa benchi moja na wenzake, wakiimba naye. Kula kwake ndiko hawawezi.

"Siku ile sikuonja," anasema kwa sauti ya chini. "Ndiyo mara ya kwanza nilimlisha mbwa kitu ambacho mimi mwenyewe sikukionja. Wananiogopa kwa haki."

Sasa nguruwe wamerudi, na njaa imeanza kunusa milango. Byarugaba amevuka mpaka hapo Murongo akarudi na mbwa mchanga kutoka Uganda. Juzi alituma salamu kwamba atapita leo. Ndiyo maana jiko hili linawaka. Mbwa akipokea bumunda la kwanza kwa mkono wa Adelgunda, mlima wote utasikia kabla ya jua kutua. Asipopokea, Adelgunda ataendelea kula peke yake.

Byarugaba anafika jua likiwa limepanda kidogo, kijimbwa kikiwa kwapani. Wanaamkiana kwa heshima, wanaulizana habari za mvua. Adelgunda anafungua majani, anamega, anatafuna, anameza. Kisha ananyoosha mkono.

Kijimbwa kinavuta shingo kuelekea harufu. Byarugaba anarudi nyuma hatua moja.

"Nipe mimi, Mama Placida," anasema. "Wewe oka. Kulisha, nitamlisha mwenyewe."

Hasemi kwa ubaya. Analipokea kwa mikono miwili, kama mtu apokeavyo zawadi, na kijimbwa kinakula kutoka kiganjani mwake huku mkia ukipiga. Anaagiza mengine kwa Jumamosi.

"Karibu ndani, baba," Adelgunda anamwambia. "Ndizi zimeiva, nimetia na maharage."

"Ahsante, mama. Nimekwisha kula."

Saa hizo hakuna nyumba Bugomora iliyokwisha kuepua chungu, na wote wawili wanajua. Byarugaba anashika njia ya shambani, kijimbwa kikinusa vidole vyake.

Adelgunda anaepua ndizi na kuzimwaga juu ya jani. Ni nyingi kuliko awezavyo kumaliza mtu mmoja. Anaketi, anafanya ishara ya msalaba, anaanza kula upande wake.

"Leo ameshika nilichopika," analiambia gazeti hili. "Mwaka jana asingeshika. Jumamosi atarudi, na mimi nitapika tena ndizi za watu wawili."