Kamba ya Baba Mdogo na Ua wa Mipungate

Sogea unisikilize, wewe mwenye ng'ombe mmoja na kiangazi kirefu mbele yako. Nataka kukueleza jinsi mpungate ulivyomwokoa ng'ombe wangu. Nitakwenda polepole, maana mimi mwenyewe nilianza kwa kukosea.

Nilizaliwa Maretadu, milimani, nikaolewa Masakta, huku tambarare. Mwaka wa pili wa ndoa, baba mdogo, yaani mdogo wake baba, alinikabidhi ng'ombe wa maziwa. Kwetu ng'ombe wa kukabidhiwa si zawadi. Maziwa na samadi ni vyako unayemtunza. Ng'ombe na ndama zake ni mali ya mwenyewe. Akikonda, mwenyewe anakuja na kamba, anasalimia, anakunywa uji, anamfunga na kuondoka naye. Hakuna ugomvi. Lakini njia nzima watu wanaiona ile kamba na kujua kwamba umeshindwa. Na mimi nilikuwa na mtoto aliyekuwa ndiyo kwanza ameacha ziwa, anayetegemea maziwa yale.

Miaka ile mashamba ya ngano ya serikali yalikuwa yamechukua sehemu kubwa ya tambarare. Mahali ng'ombe walipopita kwenda majanini palikuwa pamelimwa. Mwaka ule mvua nazo zikakatika mapema. Mume wangu alikuwa kibarua katika shamba mojawapo, na kombaini zikishapita, msimamizi aliwaruhusu vibarua kubeba mabua. Kwa hiyo mabua tulikuwa nayo, rundo refu kuliko nyumba. Ng'ombe aliyatafuna kama mtu anayetafuna mkeka, kisha akageuza kichwa. Maziwa yakapungua hadi kikombe kimoja kwa siku. Ndipo ujumbe ukaja kutoka mnadani Dongobesh: baba mdogo atateremka mwezi ujao kumwangalia ng'ombe wake.

Ua wa boma letu ulikuwa wa mipungate, ule mmea wa miiba wenye viganja vinene vilivyopandana, kiganja juu ya kiganja. Hakuna aliyeufikiria kuwa chakula. Siku moja moto wa kusafishia shamba uliruka ukababua pembe ya ua. Nilipofika kuuzima, nilimkuta ng'ombe amenyoosha shingo, anatafuna kiganja kilichoungua miiba, ute unamdondoka mdomoni. Anakula kwa hamu!

Nikakimbilia panga. Hapa ndipo nilipokosea. Sisi watu wa milimani tumezoea kukata matete ya ng'ombe chini kabisa, karibu na udongo, na yanachipua upya. Nikaukata mpungate vilevile, shina hadi chini, hatua nne za ua. Nikachoma miiba, nikakatakata, nikampa ng'ombe ndoo mbili zilizojaa, bila kitu kingine.

Asubuhi mbuzi wa jirani walikuwa ndani ya maharage yetu, wamepitia kwenye pengo. Na kinyesi cha ng'ombe kilikuwa maji matupu.

Mama mkwe alisimama penye pengo, mikono kiunoni. "Bibi harusi wa mlimani, umevuna ua?"

"Nisamehe, mama. Nilidhani utachipua."

"Utachipua kutoka wapi, na umechukua mpaka nyayo zake?" Kisha akatazama zizini, akaanza kucheka. "Na huyu umempa supu bila ugali. Unategemea tumbo likae?"

Nilicheka nikiwa na machozi. Lakini neno lile lilinifungua akili. Ugali tulikuwa nao: yale mabua! Tangu siku hiyo nilikatakata mabua, nikachanganya na vipande vya mpungate, kidogo kwanza, nikiongeza siku hadi siku. Unyevu wa mpungate ulilainisha mabua, na mabua yakashika tumbo. Ng'ombe akawa analamba hadi sakafu ya hori.

Mama mkwe naye alinifundisha kuziba pengo. Nilipotaka kupanda viganja vibichi na kuvimwagilia, alinishika mkono. "Una kidonda kibichi, unakifukia kwenye tope? Kitaoza. Kiache kiganja kivulini mpaka pale kilipokatwa pakauke." Tulivilaza chini ya uchaga siku kumi na zaidi, tukavipanda vimesimama, theluthi moja tu ndani ya udongo mkavu, bila maji. Vikashika vyote.

Jirani yetu mmoja, mzee mfugaji wa tambarare, alipita akanikuta nachoma miiba.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Leo mnamlisha ng'ombe ua. Kesho mtamlisha mlango?"

"Akimaliza ua, mzee, nitakuja kuomba mlango wako."

Alicheka akaenda zake. Baada ya siku tatu alirudi, bila mzaha, akaniomba nimwonyeshe.

Baba mdogo alifika mchana, kamba mpya begani. Nilimwamkia, nikampa uji. Hakumaliza. Aliingia zizini, akapitisha kiganja cha mkono ubavuni mwa ng'ombe akitafuta mbavu, mara moja, mara mbili. Alizunguka upande wa pili.

"Huyu ndiye niliyekupa?"

"Ndiye, baba."

"Wangu niliowabakiza mlimani wamekonda kuliko huyu. Unampa nini?"

Nikamwonyesha ua. Mama mkwe, ambaye alikuwa hajawahi kunisifu mbele ya watu, alisema kwa sauti: "Huyu binti yenu ni fundi. Alitugharimu maharage kidogo, lakini ni fundi."

Jioni baba mdogo aliondoka, na watu wote njiani waliiona kamba yake. Ilikuwa imefunga mzigo wa viganja vya mpungate, ameubeba mgongoni juu ya koti, anatembea kwa uangalifu. Ng'ombe wangu alibaki zizini, anacheua. Niliruka kama mtoto.

Nilimwambia baba mdogo kabla hajaondoka, nakuambia na wewe: kata kiganja kilichokomaa, penye kiungo chake, kwa kisu kikali, na uache shina na viganja vyake vya chini. Choma miiba yote, katakata, changanya na mabua makavu, anza na kidogo. Na kile unachotaka kupanda, usikipande leo. Kilaze kivulini mpaka kidonda kikauke.