Jogoo Niliyempeleka Msikitini

Muuguzi wa zahanati yetu hapa Masakta alikuwa Mwislamu wa Tanga, na miaka yote sita aliyokaa nasi hakuacha kulalamikia baridi yetu. Nilimpenda kama ndugu. Lakini kulikuwa na neno moja nililokuwa sijamwambia. Mama yangu alifia mikononi mwake. Asubuhi ile nilimwacha mama zahanati akinywa uji, nikakimbilia shambani kuvuna maharage kabla ya mvua, na niliporudi nilikuta ameshafumbwa macho. Tangu hapo nilitaniana na muuguzi yule juu ya kila kitu, ila asante sikuitamka, maana kumshukuru kungekuwa kukiri kwamba mimi mwana sikuwepo. Kisha akapata uhamisho. Ijumaa yake ya mwisho nikaona nimfuate huko huko anakosali.

Sasa, kanisani kwetu mtu hatoi shukrani mikono mitupu. Huleta jogoo, mayai au debe la mahindi, akasimama akasema neno lake, na baada ya ibada mzee wa kanisa huvinadi. Haikunijia kabisa kwamba kuna nyumba ya Mungu isiyo na mnada. Nikamfunga jogoo miguu, nikamtia kikapuni, nikaenda.

Mlangoni niliacha kikapu kando ya viatu, nikaingia na soksi zilizotoboka, nikaketi nyuma kabisa. Shehe alikuwa katikati ya hotuba jogoo alipowika. Akawika tena. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Shehe aliendelea na hotuba. Safu ya mbele, mabega ya muuguzi wangu yalikuwa yakitikisika.

Kisha wakasimama kusali, bega kwa bega, mwalimu mkuu na fundi baiskeli. Hilo nililipenda mno. Kwetu kila ukoo una benchi lake, na ole wako ulikalie.

Walipomaliza nilimfuata shehe uani, jasho likinitoka.

"Shikamoo, shehe. Naomba radhi. Nilidhani na ninyi mnanadi."

"Marahaba," alijibu, na watu wakacheka, bila ubaya.

Muuguzi, ambaye alishakaa kwenye ibada zetu nyingi za misiba na harusi, aliokota kikapu akanipa.

"Mnada hakuna, kaka. Lakini kwenu mleta sadaka husema neno. Haya, sema."

Nilikuwa nimeandaa utani kuhusu baridi. Ukanipotea.

"Asante kwa mama," nikasema mbele ya wote. "Mimi sikuwepo."

Aliacha kucheka. Akanishika mkono, akanivuta pembeni.

"Kuna jambo nimeogopa kukwambia miaka yote hii, kwa sababu nilimdanganya mtu anayekata roho," alisema. "Mama aliita jina lako, kaka. Mimi nikaitika."