Daftari la Mkojo

Tangu nianguke kutoka juu ya lori la mpunga kule Idete nikavunjika uti wa mgongo, kila mtu alijua ugonjwa wa mkojo wangu isipokuwa mimi. Walisema kibofu kimelegea, nipunguze maji. Nikapunguza hadi vikombe viwili kwa siku. Suruali ikaendelea kulowa, na homa zikaanza.

Muuguzi wa kliniki Ifakara, binti mdogo kuliko mwanangu wa kwanza, alinipa daftari. Niandike nimekunywa nini, nimelowa saa ngapi, na nilikuwa nafanya nini. Akanionya kwamba homa zile huenda ni dalili ya figo kushambuliwa, na figo zikifa, ndiyo basi.

Niliogopa. Nikaandika kila kitu, mke wangu akicheka kwamba hata barua ya posa niliandikiwa na mtu. Siku ya nne nikaona jambo. Nililowa nilipoinama, nilipokohoa, nilipobebwa kutoka kitandani kwenda kwenye kiti, na kila mara kidogo tu. Nikitulia, nilikuwa mkavu. Mimi ni mkulima wa mpunga. Jaruba, kile kipande cha shamba kinachozungushiwa tuta kushika maji, likibomoka tuta huvuja mpaka linakauka. Lililojaa pomoni ndilo humwaga kidogo likitikiswa.

"Sista," nikamwambia yule muuguzi niliporudi kliniki, "hiki kibofu hakijalegea. Kimejaa."

"Nani kakwambia, baba?"

"Daftari lako."

Akaniambia nikojoe kwanza. Nikajikamua, yakatoka matone ya kuhesabika. Kisha akapitisha mpira mwembamba hadi kwenye kibofu, na mkojo ukaja, ukaja, mpaka akaagiza chombo cha pili. Alipima, akarudia kupima, akamwita daktari. Daktari alisoma daftari langu akiwa amesimama, ukurasa kwa ukurasa, akanipeleka ultrasaundi.

Tulingoja majibu, mke wangu na rozari yake, mimi na kiburi changu kilichokuwa kinatetemeka. Kuwa sahihi kungenifaa nini kama nimechelewa?

Daktari akatoka na karatasi.

"Figo zako ni nzima, mzee. Homa zilitokana na mkojo uliokuwa unalala kibofuni. Utafundishwa kujitoa mkojo mwenyewe kwa mpira, kwa saa maalumu. Na maji unywe."

Nililia mbele ya benchi zima la wagonjwa, wala sikuona haya. Nikiwa bado nalia nikamshika daktari mkono, nikamwambia aandike kwenye faili kwamba aliyegundua ni mgonjwa.

Akaandika.